Jani la Mlizamwizi

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa hivi, kule Rhotia, nilikuwa mlafi, na hilo sitalificha. Bibi, mama mzaa baba, alikuwa na mmea wake kwenye mawe ya mpakani mwa shamba. Tuliuita mlizamwizi. Haukuwa na shina la maana. Ulikuwa majani tu, manene kama vidole gumba, rangi ya majivu, yenye vinyweleo laini kama sikio la ndama. Kiangazi kingo zake zilikuwa nyekundu. Ukiung'oa na kuutupa juu ya bati, mwezi mzima ungeukuta hai.

Kitu kikipotea nyumbani, Bibi aligawa majani. Kila mtu alifumbata lake kwa mkono wa kulia mpaka Baba Yetu iishe. Jani la mwizi, alisema, hulia.

Mwaka ule ilipotea asali yake ya wageni. Niliila mimi, kwa kidole, siku tatu mfululizo. Tulisimama uani watatu: kaka yangu, mimi, na Dada Zena, kibarua kutoka Singida aliyetupalilia maharage na kulala jikoni kwetu na mtoto wake mchanga.

"Mimi siogopi, Bibi," Zena alisema, akacheka kidogo. "Nipe hata mawili."

Mimi niliogopa vibaya mno. Jani langu nililishika kwa ncha za vidole, kama yai. Zena hakuwa na hatia, na aliuamini mmea ule kwa moyo wote, kwa hiyo alilibana kwelikweli. Tulipofungua viganja, utomvu ulikuwa ukimchuruzika mpaka kwenye mkono wa gauni.

Bibi hakufoka. "Chukua vitu vyako, mwanangu," alisema.

Zena alinitazama, sijui kwa nini mimi. "Mungu anajua," akasema. Nami nikatazama kuku. Alimfunga mtoto mgongoni, akashika njia ya Karatu, na ukungu ulikuwa haujaondoka.

Bibi alikufa akiusifu mmea wake. Sasa nina wajukuu, na mara nyingi nimejiambia kwamba nilikuwa mtoto tu. Wapi! Mtoto aliyejua kulishika jani vile alijua pia kusema, "Ni mimi, Bibi." Ningechapwa, ningelia, jioni tungekula ugali pamoja wote wanne, na mtoto wa Zena angelala penye joto.