Mzee Aliyezikwa Nyuma ya Jiko

Nilipopewa kazi ya muda ya kupanga upya sheria ndogo za matumizi ya ardhi mjini Korogwe, furaha na hofu vilinijia pamoja. Sijasomea mipango miji. Ramani na majedwali nilijifunza mwenyewe kwa simu, nyumbani Kwedizinga, na kila asubuhi nilipoingia ofisini nilihisi leo watanishtukia.

Sheria zile zilikuwa zimerekebishwa vipande vipande kwa miaka mingi. Mazizi yalikuwa huku, gereji kule, mashine za kusaga kwingine kabisa. Mimi sahani zisipopangwa sawa kabatini hata chakula hakishuki. Nikakusanya kila kitu kwenye jedwali moja: makazi, biashara, viwanda, maziko, na kinachoruhusiwa katika kila eneo. Lilipendeza. Nakiri, wakati mwingine nililifungua nilitazame tu.

Mkuu wangu, afisa mipango miji, mama mtu wa Vugiri, alilisifu, tukalipeleka kwenye mkutano wa mtaa ili wananchi watoe maoni. Nikalisoma mwenyewe. Nilipofika pale panaposema makaburi yatakuwa kwenye maeneo ya maziko pekee, na kwamba kiwanja kinachokiuka jedwali hakitapewa kibali cha ujenzi, bibi mmoja akanyoosha mkono.

"Mwanangu, mume wangu yuko nyuma ya jiko. Sasa yeye ni makazi au maziko?"

Watu wakacheka.

"Mwacheni mzee wa watu," jamaa mmoja akadakia. "Jirani gani mwingine hapigi muziki?"

Bibi hakucheka. "Nyumba yangu mvua imeibomoa upande mmoja. Tofali ninazo. Nitapata kibali, au nimfukue kwanza?"

Sisi Wazigua tunazikana nyumbani, na viwanja vingi vya mtaa ule vilikuwa mashamba kabla mji haujavifikia. Babu yangu mwenyewe amelala kando ya nyumba yetu. Mahindi tunaanika karibu naye. Katika sheria ya zamani kulikuwa na sentensi moja ya kuyalinda makaburi kama hayo, imebanwa katikati ya habari za uzio. Niliiondoa kwa sababu haikuingia kwenye safu yoyote.

Mkuu wangu akasimama. "Shikamoo bibi. Hapo tumekosea. Baba yangu yuko shambani kwetu Vugiri, na bado jedwali hili nimelipitisha."

Alisema tumekosea. Mpaka leo namshukuru kwa neno hilo, maana nilikuwa tayari nahesabu kazi imekwisha.

Ofisini akaniambia, "Sasa lichafue hilo jedwali lako." Nikaandika kwamba makaburi yaliyopo yatabaki, ndugu hawatazuiwa kuyazuru, na mwenye kiwanja atapewa kibali mradi asijenge juu ya kaburi. Mstari ule ulikata safu zote, mbaya kweli kuutazama. Tukaurudisha mtaani, nikausoma.

"Na mimi je?" bibi akauliza.

Mkuu wangu hakumficha. Mazishi mapya ya mjini yatakuwa kwenye makaburi ya mtaa.

Bibi akavuta mtandio wake. "Haya. Yeye akae. Mimi mtanipeleka huko kwenu."

Madiwani walipoipitisha sheria, niliomba nimpelekee kibali mwenyewe. Fundi alikuwa ameshapima msingi kwa kamba, akaukunja kona ili kuliacha kaburi. Bibi akakipokea kibali, akanishika mkono mpaka nyuma ya jiko, kwenye mawe yaliyopangwa kuzunguka udongo uliofagiliwa.

"Mzee," akasema, "huyu ndiye kijana aliyetaka kukuhamisha. Ameacha."

Nikajikuta nimeinamisha kichwa. "Shikamoo, babu," nikasema. Bibi akaitikia kwa niaba yake.