Bibi Alivyopanda Boti Yangu

Usiku ule nililala nimenuna. Asubuhi yake mtu alikuwa anakuja kuinunua boti yangu, na mimi mwenyewe ndiye niliyemwita.

Nianze mbali kidogo. Shida ilinianza nikiwa na miaka tisa, mwaka wa ukame, mama yangu alipofariki kwetu milimani Upare. Bibi, mama yake mama, akanitoa shule darasa la tatu. Si kwa ubaya, chakula hakikuwepo. Alikuwa mfinyanzi. Mimi nikakanyaga udongo, yeye akafinyanga, vyungu vikatulisha. Leo naishi mji mmoja wa Uingereza wenye mfereji wa kupitisha boti katikati. Nimefagia kiwanda cha pale miaka mingi, nikastaafu, nikanunua boti. Sijasaidiwa na mtu. Ndivyo nilivyokuwa nikisema.

Mfereji ule hushuka kama ngazi. Boti inaingia kwenye chumba cha mawe, milango inafungwa, maji yanatolewa, boti inashuka nayo taratibu. Ila nyuma kuna kizingiti cha mawe kilichojificha chini ya maji. Ukibaki nyuma, mkia wa boti unakalia kizingiti, pua inazama. Jumapili iliyotangulia nilishika usukani huku nikijisifu kwa watu waliosimama kando. Mkia ukakalia. Mke wangu, Mama Neema, aliyekuwa juu ukutani akitoa maji, ndiye aliyeona. Akayafunga upesi, tukapona. Na mimi nikamfokea mbele za watu: "Umeyatoa haraka mno, mwanamke wewe!"

Wiki nzima ananiwekea chakula mezani na kuondoka. Nikasema basi, boti iuzwe, yaishe.

Sasa nimesinzia. Namwona Bibi amekaa puani mwa boti, kanga kiunoni, miguu ina udongo mpaka magotini. Sikumzika Bibi. Alifariki mimi niko huku, barua ikachelewa.

"Mume wangu," ananiita, alivyokuwa akinitania tangu utoto, "leo umenitoa matembezi?"

Ni mchana mweupe. Boti inakwenda yenyewe. Mara maji hayapo, mfereji ni shimo tupu, wanaume wanachimba kwa sepetu, viganja vimechubuka. Ng'ombe wanaswagwa huku na huko juu ya udongo wa mfinyanzi, waukanyage ushikane, maji yasivuje. Jambo hilo ni la kweli. Limeandikwa kwenye kibao kando ya mfereji, binti yangu alinisomea. Bibi ameshashuka, anakanyaga pamoja na ng'ombe. Anachota donge, analibonyeza kwa dole gumba.

"Huu umekanyagwa," anasema. "Hawa walikuwa watu."

Farasi anapita ukingoni, kamba begani, anavuta boti ya makaa ya mawe. Namfuata kwa macho, na kamba ile imekuwa uzi wa ndoana. Mzungu mmoja kwenye kiti cha kukunja amevua samaki mnene. Anamtazama, anamrudisha majini.

Bibi anacheka mpaka anashika mbavu. "Huyu ana wazimu, au ameshiba?"

"Ameshiba, Bibi. Siku hizi watu wanakuja kupumzika tu."

"Basi wale wa sepetu hawakuumia bure."

Milango imefungwa nyuma yetu. Tumo ndani ya chumba cha mawe, maji yanashuka. Nasikia chuma kikikwaruza kizingiti. Natazama juu ukutani, hakuna mtu. Naita, "Mama Neema!" Sauti haitoki.

Bibi hatikisiki. "Nani hukushikia maji?"

"Mke wangu."

"Yuko wapi?"

Machozi yananitoka, mzee mzima. "Asante, Bibi," nasema. "Kwa vyungu. Kwa miguu yako. Sikuwahi kukuambia."

"Asante ya kumpa maiti haijazi chungu," ananiambia. "Mpe aliye hai."

Nikaamka. Kumekucha, harufu ya chai inatoka jikoni. Nikaenda na miguu mitupu.

"Mama Neema, Jumapili ulituokoa. Kosa lilikuwa langu. Asante."

Akageuka na birika mkononi. "Umeota nini wewe?"

"Bibi."

"Amesema nini?"

"Kwamba mimi ni mjinga."

"Na hilo mpaka mtu afufuke?"

Akanimiminia chai. Akakaa. Tukainywa pamoja, mara ya kwanza tangu Jumapili, kisha nikampigia simu yule mnunuzi nikamwambia asije.

Nilichonacho leo ni hiki. Nyumba ya vyumba viwili, yangu. Migomba kule Upare, mpwa wangu anaitunza. Suti mbili. Baiskeli moja. Watoto watatu, wote wanasoma barua bila kusaidiwa. Boti moja ya chuma, ya kijani. Usukani anashika Mama Neema. Mimi natoa maji.