Masale ya Mpakani

Ilikuwa miaka ile ya foleni ya sukari. Waliponipasua ngiri hospitalini mjini, daktari aliniambia nitembee kidogo kidogo mpaka nguvu zirudi. Mdogo wangu, aliyekuwa akinitunzia kihamba changu cha migomba na kahawa, alisema nilale. Kila asubuhi aliniletea mtori, supu nzito ya ndizi na nyama. Ulikuwa mtori mzuri, hata mke wangu hapiki hivyo, na anajua nasema hivyo.

"Kunywa, kaka, usiinuke. Shamba lipo."

Mbona alikazania nisiinuke? Kwetu mpaka ni masale tu, mimea ya majani marefu, na mmea hung'oleka ukapandwa kwingine. Tena kihamba chake kiko chini ya changu.

Basi akishaondoka nilishika fimbo. Mara ya kwanza niliishia zizini, jasho likinitoka, mkono umebana kidonda. Baadaye nikafika mferejini, nikakaa kwenye jiwe mpaka kizunguzungu kiishe. Kurudi ndiyo ilikuwa kazi, maana kwetu ni mlima.

Asubuhi niliyofika mpakani bila kupumzika, nilimkuta ameinama kwenye masale, jembe mkononi, udongo umechimbuliwa.

"Shikamoo, kaka. Umechelewa."

"Marahaba. Unafanya nini hapo?"

"Napalilia, uyaone vizuri. Ningekuambia tembea, ungelala mpaka leo."

Nilicheka, tukapanda mlima pamoja, wala sikuiegemea fimbo. Lakini kesho yake nilishuka tena kuangalia, na nimeshuka kila asubuhi tangu hapo.