Maziwa ya Kulwa na Doto

Nakumbuka siku moja, mwanangu, umeme ulikatika mtaani kwetu Makole tangu alfajiri, na maziwa ya wanangu yalikuwa kwenye friji ya jirani.

Sisemi maziwa ya ng'ombe. Nasema yale niliyojikamulia mwenyewe kwa mikono yangu, nikayatia kwenye chupa za jemu zilizochemshwa, nikakaza vifuniko, nikayapeleka kwa Mama Salma aliyekuwa akiuza soda na barafu. Enzi hizo friji hazikuwa nyingi. Ukiwa na jirani mwenye friji na moyo mwema, unamshukuru Mungu mara mbili. Nakusimulia haya kwa kuwa najua na wewe likizo yako ya uzazi inaelekea ukingoni, na nimeona jinsi unavyowatazama hao pacha wako wakiwa wamelala. Mtazamo huo naufahamu.

Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali hapa mjini. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, leo yuko Singida, kesho Mwanza. Pacha wangu walikuwa na majina yao mazuri ya kupewa, lakini mtaa mzima uliwaita Kulwa na Doto, kama pacha wanavyoitwa, basi ikawa hivyo. Kulwa alizaliwa na nguvu zake. Doto alikuwa mdogo, mwepesi mkononi kama kanga iliyokunjwa, na tangu nirudi kazini uzito wake ulikuwa umesimama. Mama mkwe wangu alikuja kutoka kijijini Kolo kunisaidia kulea. Alikuwa mkulima, mtu wa maneno machache, na Kiswahili chake kilikuwa kimechanganyika na Kirangi cha kwao, hasa akikasirika.

Nesi wa kliniki alikuwa ameniambia, "Mama, kadiri unavyoyatoa ndivyo yanavyokuja. Usipoyatoa, yatakauka." Nyumbani niliyatoa. Kazini ndiko kulikokuwa na kazi.

Miaka ile, mwanangu, ndiyo miaka serikali ilipokuwa ikipunguza wafanyakazi. Kila asubuhi mlikutana ofisini mkisalimiana huku mnahesabiana kwa macho. Mtu mmoja, na hadi leo simjui ni nani, alieneza kwamba wenye watoto wachanga ndio wataanza kuondoka, kwa kuwa ruhusa zao haziishi. Maneno hayo yaliniingia kama baridi ya Juni. Nikaapa kwamba ofisini hapo hakuna atakayekumbuka kuwa nina watoto. Sikuomba kutoka mapema kwenda kunyonyesha. Sikuwataja. Matiti yakijaa, najifungia kwenye stoo ya karatasi na kikombe changu, sikio liko mlangoni. Na unajua kilichotokea? Hayatoki. Kifua kimekuwa jiwe, maziwa yamo, lakini hayatoki. Mwili wa mama hauamrishwi kama bomba.

Basi siku hiyo umeme ulikatika. Nilipopitia kwa Mama Salma asubuhi, aliniambia, "Nenda tu kazini, umeme utarudi sasa hivi." Nikaenda. Lakini huko ofisini nilikuwa nimekaa mwili tu. Pangaboi lilikuwa limesimama juu yangu, nami kila dakika nalitazama kama linazunguka. Nilimwona kwa mawazo kila mteja anayefungua friji ile kutafuta soda ya baridi, na kila mlango ukifunguliwa, joto linaingia kwenye chupa zangu. Nikachapa barua moja mara tatu. Nikamwona Doto anakunywa maziwa yaliyoharibika. Kisha nikamwona hanywi kabisa. Sikujua lipi baya zaidi.

Kabla ya adhuhuri nikasikia kilio.

Mzazi hahitaji kuambiwa ni kilio cha nani. Nilichungulia dirishani, nikamwona mama mkwe wangu anavuka uwanja wa ofisi kwenye vumbi na upepo, Doto mgongoni, Kulwa kifuani, wote wawili wanalia, na mlinzi anamfuata nyuma akisema, "Bibi, subiri kwanza, bibi!" Yeye hasubiri. Nilitamani ardhi inimeze. Na wakati huohuo, mwanangu, maziwa yale yaliyokataa kutoka stoo yakaanza kumwagika yenyewe, blauzi yangu yote ikalowa mbele ya watu.

Bosi wetu alitoka ofisini kwake kuona kelele ni za nini. Alikuwa mtu mkali, asiyependa mzaha. Nikasema moyoni, leo ndiyo mwisho.

"Shikamoo, mama," alimwambia mama mkwe wangu.

"Marahaba, mwanangu. Maziwa yameharibika. Namtafuta mama yao."

Bosi aliwatazama watoto, akanitazama mimi na blauzi yangu. "Hawa ni wako, Zaituni? Wote wawili?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mbona hukusema?" Akafungua mlango wake. "Ingieni humu. Mimi nina kikao."

Tuliketi kwenye makochi yake, mmoja nikampa titi hili, mwingine lile. Doto alinyonya huku anatetemeka, vidole vyake vimeng'ang'ania kidole changu. Watoto wakatulia. Ndipo hasira yangu ikapata nafasi. Nikamwambia mama mkwe, kwa sauti ya chini ili nje wasisikie, "Mama, umeniaibisha. Watanifukuza kazi."

Alikuwa anajipangusa vumbi usoni kwa ncha ya kanga. Kisha akasema, "Nimeonja chupa ya pili, imechacha. Tumbo la mtoto si la kujaribia. Ulitaka nifanye nini? Nikae nao walie mpaka jioni, ili watu wa hapa wasijue umezaa?"

Nikamvuta Doto karibu zaidi.

"Wewe binti, mficha uchi hazai. Na wewe umeshazaa, sasa unaficha nini? Aibu si mtoto kuja kwa mama yake. Aibu ni mtoto kushinda na njaa, na mama yake yuko hai, ana maziwa." Akaongeza neno la Kirangi ambalo mpaka leo sijaomba nitafsiriwe. Kisha akamchukua Kulwa aliyekwisha shiba, akamweka begani, akampigapiga mgongo taratibu, huku macho yake yakirudi mlangoni kila mara. Naye alikuwa ameogopa, mwanangu. Ametembea kutoka Makole hadi pale akiwa na hofu ileile niliyokuwa nayo mimi. Tofauti ni kwamba yeye alitembea nayo, mimi nilijifungia nayo stoo.

Bosi aliporudi alisema kwa ufupi, "Kila siku mchana nenda nyumbani ukawanyonyeshe, kisha urudi. Lakini barua zangu ziishe." Basi. Ni hilo tu nililokuwa nikilihofia wiki zote zile.

Tangu hapo maziwa ya asubuhi yalilazimika kuvumilia hadi mchana tu. Ya alasiri tuliyaweka kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana, chupa ndogo ndani, barafu ya Mama Salma pembeni. Siku ya mgao wa umeme, tunajua mapema kwamba mama mkwe atakuja na watoto ofisini, na mlinzi anamfungulia lango. Doto alichelewa kunenepa. Alituweka roho juu miezi mingi. Lakini alinenepa.

Na kazi? Nilipunguzwa mwaka uliofuata, pamoja na wengi, wenye watoto na wasio na watoto. Hofu yangu haikuninunulia hata siku moja ya ziada.

Sasa sikiliza, mwanangu. Osha mikono, chemsha vyombo, na maziwa unayoyatilia shaka yamwage bila kuyalilia. Wanyweshe kwa kikombe wasikuzoee wewe tu. Lakini kabla ya yote, sema. Mwambie mkubwa wako wa kazi kwamba una watoto wawili na unahitaji nafasi ya kuwakamulia. Huenda akakataa, wapo wanaokataa. Hapo utajua pa kuanzia. Usiiache hofu ijibu badala ya mtu ambaye hujamuuliza. Na anayekulelea watoto, msikilize hata akikukaripia, maana wakati wewe uko kazini, yeye ndiye anayesikia kilio.

Nenda, mama pacha. Mungu akufungulie kifua na kinywa, awape wanao shibe na usingizi, na kila jioni ukirudi uwakute wote wawili wanakungoja.