Kipande cha Chiriku

Shemeji yangu ana kitambaa cha kufutia skrini. Ni chake mwenyewe, kakitoa nyumbani, anakifua kila Jumamosi na kukipiga pasi. Mtu mzima wa miaka thelathini na minne anapiga pasi kitambaa cha kufutia skrini, halafu watu wanasema ni mtaratibu. Mimi nikifuta skrini kwa mkono wa shati wanasema mchafu.

Ni mdogo wake mke wangu, wa kiume peke yake kati ya dada watano, akalelewa kama yai. Nilipomtoa kwenye kibanda cha mabati mbele ya duka la viatu alikuwa akitengeneza redio na pasi. Narudia: nilimtoa mimi. Nilimpeleka kwa mkurugenzi wa ofisi yetu ya hati za viwanja, nikamwombea kazi, nikamkalisha pembeni yangu na kumfundisha seva, hizi mashine zinazotunza hati zetu, ni nini. Siku ya kwanza hakujua hata pa kuiwashia. Miaka minne baadaye mafundi wenzangu wanapita mezani kwangu bila kusimama. "Samahani mzee, shemeji yako yupo?" Mzee! Nina arobaini na saba.

Nyumbani ndiko kubaya zaidi.

"Mdogo wangu kasifiwa tena na mkurugenzi," mke wangu aliniambia Jumapili moja huku akinimiminia chai. "Si ulimfundisha wewe? Furahi basi."

"Nimefurahi."

"Mbona umenuna?"

"Ndivyo ninavyofurahi."

Alicheka mpaka akamwaga chai kwenye sahani. Sikucheka. Mkuu wetu wa chumba cha mashine alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi ule, na kiti chake nilikuwa nimekisubiri miaka kumi na miwili. Kesho yake mkurugenzi alimkabidhi shemeji mashine mpya kumi na mbili, zote ziwe zinafanya kazi ifikapo Ijumaa. Kila mtu ofisini alielewa maana yake. Huo ulikuwa mtihani wa kiti, na mimi sikuitwa hata kuusimamia.

Kazi yenyewe ni hivi. Hatukai mbele ya kila mashine tukijaza majibu kwa mkono. Tuna programu inayozisimika yenyewe. Mashine mpya ikiwashwa, inavuta kupitia mtandao karatasi ndefu ya maagizo: gawa diski hivi, weka saa hivi, fungua mlango huu wa mtandao, funga ule. Karatasi hiyo tunaiita kiolezo. Ndani yake kuna nafasi zilizo wazi, na kila nafasi hujazwa na kipande kidogo cha maandishi kinachotoka kwenye folda. Vingi katika vipande hivyo niliviandika mimi, zamani, shemeji akiwa bado anachomelea waya za redio.

Jumatatu mashine kumi na moja zilikubali bila kelele. Ya kumi na mbili ikagoma. Kwetu mashine zina majina ya ndege, na ikifa moja, jina lake hurithiwa na mpya. Hii ilirithi jina la Chiriku. Kila ikifika kwenye kugawa diski ilisimama na kulalamika kwamba diski ya pili haionekani.

Jumanne asubuhi shemeji alikuja mezani kwangu. "Shemeji, nimechoka. Chiriku ina diski moja. Kipande cha diski nacho nimekisoma, kinasema diski moja. Hiyo ya pili inayodaiwa imetoka wapi? Hujawahi kuona kitu kama hiki?"

Nilijua palepale. Chiriku wa zamani alikuwa na diski mbili, na miaka sita iliyopita nilimwandikia kipande chake peke yake. Programu yetu ina mazoea: kabla ya kuchukua kipande cha wote, hutazama kwanza kama kuna kilichoandikwa kwa jina la mashine yenyewe. Kikiwepo, kinatumika hicho. Chiriku alikufa, mimi nikasahau kukifuta. Wala sikuwahi kumfundisha shemeji mpangilio huo, kwa kuwa haukuwahi kuhitajika. Maneno matano tu yangemtosha.

"Sijawahi," nikasema. "Labda kumbukumbu ya mashine ni mbovu."

Akashukuru, akaenda kubadilisha kumbukumbu. Nilimwangalia akipiga magoti kwenye sakafu ya baridi, nikajisikia vizuri. Sitadanganya. Nilijisikia vizuri sana.

Jumatano alirudi. "Shemeji, hebu kumbuka vizuri. Hakuna kitu chochote cha zamani kinachoweza kumgusa Chiriku?" Nikajitia hamnazo. Alhamisi akarudi tena, safari hii kwa sauti ya chini, kavuta kiti na kukaa. "Nakuuliza mara ya mwisho. Ukikumbuka lolote, hata dogo, niambie." Nikamwambia nina kazi zangu.

Jioni hiyo mkurugenzi akatangaza kwamba Chiriku asipokubali, Ijumaa mchana ataitwa mtaalamu kutoka nje. Mtaalamu angekuta kipande kile, na juu yake niliandika jina langu la utani na tarehe. Basi Ijumaa nikawahi kuliko mfagizi. Nikakifuta, nikamwasha Chiriku, nikakunja mikono. Diski ikagawanywa, mistari ikashuka kwenye skrini, na dakika ishirini baadaye ilikuwa tayari.

Shemeji na mkurugenzi waliingia pamoja.

"Imekubali!" mkurugenzi akasema. "Nani kaitibu?"

"Mimi," nikajibu. "Kebo tu, ilikuwa imelegea. Kwa jicho la haraka huwezi kuona."

Shemeji aliitazama skrini, akanitazama mimi. Nikasubiri aseme kwamba kebo zote alizibadilisha Jumatatu. Hakusema.

"Uzoefu ni uzoefu!" mkurugenzi akanipiga begani. "Vijana wana kasi, lakini mzee ni mzee. Kiti ni chako, njoo baadaye uchukue barua."

Alipotoka, shemeji alifunga mlango.

"Kile kipande nilikiona Jumanne mchana," akasema. "Niliiambia programu inichapie karatasi nzima ya Chiriku na ya jirani yake, nikazilinganisha mstari kwa mstari. Nikakuta jina lako."

"Na Jumatano ukaniuliza tena?"

"Na Alhamisi."

"Kwa nini hukukifuta ukamaliza?"

"Nilidhani umekisahau. Dada aliniambia unavyokitaka hiki kiti. Nikasema ngoja akikumbuke mwenyewe, aje amtibu Chiriku mbele ya mkurugenzi, apewe." Akashika kitasa. "Nilitaka ukipate, shemeji. Ila nilitaka uniambie."

Sasa ni mwezi wa tatu nimekalia kiti hicho. Hakuna aliyeambiwa, hata dada yake. Jumapili iliyopita alikuja kula kwetu, na mke wangu akaanza tena, safari hii akinisifu mimi: mume wake mkuu wa chumba, aliyemtibu Chiriku aliyewashinda vijana.

"Kweli, dada," shemeji akaitikia, "bila yeye tungeita mtu wa nje." Akanisogezea bakuli nipakue kwanza. Nilimchungulia usoni nikitafuta kinyongo, kejeli, chochote cha kunipa nafuu. Hakikuwepo. Akala akashiba, akajilaza kwenye kochi langu, na usingizi ukamchukua palepale. Mimi sijalala hivyo tangu Jumanne ile. Nikakaa pale nikimtazama anavyokoroma, na nikamwonea wivu kuliko siku zote.