Maji ya Wakundaji

Sheria ya Oketch ilikuwa moja: mkono wa mtu mwingine usiingie katika maji yale. Mkewe, Debra, aliruhusiwa kuwatilia samaki wake kamba waliokatwakatwa, kijiko kimoja mara tatu kwa siku, na kazi yake ikaishia hapo.

Samaki wenyewe walikuwa wawili, wakundaji, waliosafirishwa kutoka Mombasa ndani ya mifuko iliyojazwa hewa. Kila mmoja alikuwa na ndevu mbili kidevuni, na kutwa nzima alipekua mchanga kwa ndevu hizo kama kuku anayechakura. Oketch, fundi wa maabara katika shule moja ya sekondari mjini Kisumu, aliwajengea tangi la kioo refu kama kitanda cha mtoto, akaliweka sebuleni kwake mtaani Migosi, na nyuma yake chumba kidogo cha pampu iliyozungusha maji na kuyatia hewa. Chumvi ya maji aliipima kila asubuhi kabla ya kunywa chai.

Majirani hawakumwelewa. "Mzee, ziwa limejaa samaki hapo chini, wewe unawanunulia hawa chumvi wakiwa hai?" Mburu wa dukani alimtania. "Na huyu ana ndevu kukushinda. Tutamchinja Krismasi?"

Oketch hakucheka. Alimweleza kwamba maji yakikauka chumvi hubaki, kwa hiyo kinachoongezwa ni maji matupu. Ukiongeza ya chumvi, unawaua. Hayo alimweleza Mburu, mtu wa nje. Mkewe aliyasikia kwa mbali tu; yeye hakuelezwa, ingawa aliomba zaidi ya mara moja.

"Hii si kazi ya kukisia, Mama Winny."

Debra alikuwa akishona sare za shule. Hakuwahi kukisia bega la mtoto hata mara moja.

Mwezi wa Februari, wakati wa joto kali, baba mdogo wa Oketch alifariki huko Kombewa. Oketch aliondoka Alhamisi akitarajia kurudi Jumapili. Lakini maziko yalifanyika Jumamosi, na wazee wakasema hakuna mtoto wa boma atakayeondoka kabla ya siku ya nne, siku ya kunyolewa. Alikubali, na alifanya vyema kukubali. Mfiwa hawaachi wenzake matanga yakiendelea.

Jumatatu mchana Debra alipiga simu.

"Baba Winny, pampu inakoroma. Kwenye kile chumba chake cha nyuma maji yameshuka vidole vinne."

"Usiguse."

"Kuna ndoo tatu hapa. Ipi haina chumvi?"

"Acha, utakosea."

"Si nionje?"

"Debra! Usionje, usiguse. Nitakuja nifanye mwenyewe."

"Utakuja lini?"

"Jumatano."

"Na pampu itangoja Jumatano?"

Oketch alisema anaitwa na wazee, akakata simu. Jibu la swali la mkewe lilikuwa maneno matatu tu: ndoo ya buluu. Wazee wangemngoja ayatamke.

Jumanne asubuhi Debra aliamka akakuta nyumba imenyamaza. Pampu ilikuwa imevuta hewa mpaka ikaungua. Mkundaji mmoja alikuwa amelala ubavu juu ya mchanga. Wa pili alikuwa juu kabisa, akitweta. Alimpigia mumewe mara tano. Simu ilikuwa imezimwa, kwa kuwa kulikuwa na maombi. Kufikia saa nne wa pili naye alikuwa amekufa.

Debra hakuwatoa. Jumatano jioni Oketch aliingia na kichwa kilichonyolewa, akakuta harufu mlangoni. Alisogea mbele ya tangi.

"Hata kuwatoa, Mama Winny?"

"Uliniambia nisiguse."

"Maji ya ndoo moja tu yangetosha."

"Hata mimi nilijua yangetosha. Ndiyo maana nilipiga simu."

Aliendelea kupima kitambaa chake, akaweka alama ya chaki, akakata.

Wapo watakaosema mila ndiyo iliyowaua samaki wale. Si kweli. Mila ilimtaka akae Kombewa. Haikumtaka amfanye mkewe mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Mtu anayeficha ujuzi ili ahitajike atahitajika siku ambayo hayupo.

Sheria ile ilimgharimu Oketch pampu moja na wakundaji wawili aliowatunza kwa miaka mitatu na miezi miwili. Tangu siku hiyo Debra hajamwomba amfundishe kitu chochote.