Vikombe Tisa vya Kuhesabiwa

Shule niliacha darasa la pili. Matofali yangu mwenyewe ndiyo yaliyonijengea nyumba na jina hapa Kakamega. Kwa hiyo, sikutaka kufundishwa kulea.

Miaka ya tisini kitindamimba wangu alirudi kutoka shule ya kurekebisha tabia, alikopelekwa kwa wizi wa baiskeli. Mke wangu akachinja kuku. Kijana akachuchumaa mlangoni, mikono kichwani.

"Kula," nikamwambia.

"Hatujahesabiwa, Baba."

Huko hawakuwa wakila kabla ya kuchuchumaa wawili wawili na kuhesabiwa. Kwetu nako watu hawahesabiwi. Ukihesabu, kifo nacho kinahesabu. Mama yangu mzazi akagonga fimbo chini: "Atakayehesabu wajukuu wangu nitavua nguo mbele yake nimlaani!"

Siku mbili kijana hakugusa chakula. Na afisa wa probesheni alikuwa amesema atakuja Ijumaa. Akikuta nyumbani hapamfai, anamrudisha.

Mama ndiye aliyepata njia: vikombe havina roho. Kila mtu akashika chake, tukachuchumaa wawili wawili, kijana akahesabu vikombe. Hata mimi, mwenye nyumba!

"Shuka chini, Mzee," mke wangu akanicheka. "Ama goti nalo ni tofali?"

"Tisa. Wote wapo," kijana akasema, akashambulia obusuma, ugali wetu, kama siafu.

Ijumaa binti yangu alichelewa sokoni. Kikombe chake kikabaki mezani.

"Nane," kijana akasema. "Mmoja ametoroka."

"Si kikombe kile pale?"

"Hakina mtu, Baba." Mikono ikarudi kichwani. Chakula kikaanza kupoa.

Hapo ndipo afisa alipoingia na faili lake. "Mzee, mnafanya nini?"

"Tunahesabu vikombe."

"Mkiwa mmechuchumaa?"

"Wewe vyako unavihesabu ukiwa juu ya mti?"

Mama akamsukumia kile kikombe. "Chuchumaa, mjukuu wangu."

"Nyanya, mimi ni mtu wa serikali."

"Serikali haina magoti?"

Akatazama suruali yake iliyopigwa pasi, akatazama kijana, akachuchumaa kando yangu.

"Tisa," kijana akasema. "Wote wapo." Akanawa, akala mpaka akalamba sahani.

Afisa naye alikula, kisha akaandika. Nikamwambia anisomee. "Kijana anakula kwao. Abaki."

Akaaga. Alikuwa amefika barabarani nilipomkimbilia na goti langu bovu, nikipiga kelele. Alikuwa bado ameshika kikombe cha binti yangu, na jioni tungepungua.